Debe Moja, Baba Yetu Kumi na Tano

Ninyi mnaofunga mabomba ya plastiki, mkakata kwa msumeno mdogo, mkapaka gundi na kwenda kunywa chai huku inakauka, msinicheke nikiwaambia kwamba sisi tulipima maji kwa sala. Sisemi tuliomba maji yaje, ingawa hilo nalo tulilifanya mara nyingi. Nasema tuliyapima.

Katika kikosi chetu pale Iringa saa ilikuwa moja tu, nayo ilikaa mkononi mwa mkandarasi aliyetuajiri, ambaye tulimwona Jumamosi. Siku nyingine zote Fundi Balthazari, mwalimu wangu wa kazi, aliweka debe chini ya koki, akafungua hadi mwisho, akaanza Baba Yetu kwa sauti ya kawaida. Akifika Amina anakunja kidole kimoja, anaanza upya. Debe likijaa anatazama vidole vyake na kumwambia mwenye nyumba, "Maji yako ni ya Baba Yetu sita. Mazuri." Nilimwona mama mmoja, mke wa karani, akipiga ishara ya msalaba na kuinamisha kichwa mpaka debe likafurika miguuni pake. Hakujua kama anaombewa au anapimiwa.

Njia ile ilikuwa nzuri, na sitaki mtu aidharau. Ilitudanganya mara moja tu katika miaka yote, na kosa halikuwa la sala.

Mimi naitwa Asajile. Nimezaliwa Rungwe, mahali ambapo mvua ikikosa siku tatu watu huanza kuulizana kuna nini. Kwetu maji yalipita nyuma ya nyumba kwenye mfereji wa migomba, na kama tulimwomba Mungu chochote kuhusu maji, tulimwomba ayapunguze kidogo ili mahindi yakauke. Niliingia kwenye ufundi bomba nikiwa mtu mzima mwenye mke, mikono yangu imeshazoea mwiko wa uashi. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani na kanisani. Kazi ilikuwa na Kiswahili chake.

Mfano ni huu. Miezi yangu ya kwanza ilikuwa Mbeya, mwezi wa sita, wakati maji ya asubuhi yanauma vidole kama meno. Msimamizi akaniita mbio: "Asajile, nenda nyumbani kwa mwalimu, kafunge bomba la jikoni. Haraka!" Kwa akili yangu, kufunga bomba ni kulifunga mahali pake, kama mtu anavyofunga mlango mpya kwenye nyumba mpya. Nikachukua futi, chaki na timazi, nikaenda. Nikamkuta mke wa mwalimu amesimama jikoni, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, mkono mmoja una mtoto na mwingine una kapu la unga. Nikamsalimu vizuri. Nikaanza kupima ukuta.

"Baba, unapima nini?"

"Napima mahali pa kufunga bomba, mama."

"Lifunge basi!"

"Nitalifunga, mama. Lakini lazima kwanza nipime."

"Funga, baba! Funga! Mtoto atakufa maji!"

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeingia, akavua viatu, akapita mbele yangu na kuzungusha mpini wa koki kuu. Maji yakanyamaza. Akanitazama mimi na futi langu, akasema taratibu, kama anavyosema na wanafunzi wa darasa la kwanza, "Hivi ndivyo tunavyofunga." Nimesimulia habari hiyo kwenye harusi za watoto wangu wote sita.

Kwa hiyo kijana, mtu akikwambia neno la kazi, muulize tena anataka nini hasa. Huoni haya sana ukiuliza. Haya kubwa ni ile ya kusimama na futi ndani ya mafuriko.

Nilipohamishiwa Iringa nikakabidhiwa kwa Fundi Balthazari. Alikuwa Mhehe, Mkatoliki, mtu mfupi mwenye mabega mapana, mwenye sauti ya kwaya. Siku ya kwanza nilimwamkia "Kamwene" kama nilivyofundishwa njiani. Akafurahi, akajibu kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa hata moja, kisha akasema kwa Kiswahili, "Haya, mtu wa ndizi. Huko kwenu maji yanakuja yenyewe mlangoni kama mkwe. Hapa utajifunza kuyaheshimu."

Na nikajifunza. Alinifundisha kufunga koki kwa vidole viwili. Anayekaza koki kama anakamua blanketi ndiye anayeiua washa, kile kipande laini cha ndani kinachoziba maji, alisema, kisha analalamika koki inadondosha na kuzidi kukaza. Washa zenyewe tulikata kwa ngozi ya kiatu cha zamani, na kwa mpira wa ndani wa tairi pale ambapo maji hayakuwa ya moto. Kwenye nyuzi za bomba la chuma tulizungushia katani iliyopakwa rangi nzito, kufuata mkono wa kukazia, siyo kinyume. Ukizungusha kinyume, katani inajitoa yote wakati unakaza, inabaki inaning'inia kama ndevu. Tepu yenu nyeupe ya siku hizi ina tabia hiyohiyo, nimeijaribu.

Alinifundisha pia kusikiliza. Unashika fimbo kavu, ncha moja kwenye bomba, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na unaziba sikio la pili. Bomba zima linanyamaza. Bomba linalovuja linanong'ona. Fimbo ile ingetusaidia sana Mlandege, mtaa mmoja wa hapo Iringa, kama tungeiweka mahali panapostahili.

Sasa nifike Mlandege.

Alikuwapo mkunga mmoja, mjane, Mlutheri kama mimi, tukimwita Mama Rebeka. Nyumba aliyokaa ilijengwa kwa ajili ya karani fulani wa zamani, kwa hiyo ilikuwa na mambo makubwa: tangi la bati juu ya mnara wa matofali, koki jikoni, na choo cha kuvuta mnyororo. Mama Rebeka aliigeuza kuwa nyumba ya kungojea. Wanawake wa vijiji vya mbali waliokaribia kujifungua walikuja kukaa kwake wiki tatu, nne, wengine miezi miwili, ili uchungu usiwakute milimani. Wanawake wa usharika walimletea unga na maharage. Yeye alileta mikono yake, na ulimi wake.

Kiangazi kile maji ya mjini yalifunguliwa asubuhi mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Mwenye tangi alijaza tangi, mwenye debe alijaza debe. Tangi la Mama Rebeka lilipaswa kutosha kutoka Jumatatu hadi Alhamisi bila shida. Lakini kila Jumatano asubuhi koki ya jikoni ilikohoa mara mbili na kukauka.

Bwana Afya alikuja na baiskeli yake, akafungua koki siku ya Jumatano, ikakohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia kabla ya kusema.

"Mama, siwezi kuandika kwamba nyumba ya wazazi haina maji. Mtoto akizaliwa leo utamwogesha na nini?"

"Tutachota bondeni."

"Kisima cha bondeni mimi mwenyewe nimekipiga marufuku. Na nani atachota? Hawa, na matumbo haya?"

Bwana Afya akavaa kofia yake tena.

"Nitarudi Jumatano ijayo, saa kumi. Nikikuta maji, nyumba ibaki. Nikikosa, kila mmoja arudi kwao. Nisamehe, mama."

Walikuwa wanawake saba wameketi kwenye benchi la ukumbini, wanasikiliza. Mmoja aliitwa Anjelina, kutoka mbali kule milimani, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Alikuwa amezika watoto wawili, na wote wawili walizaliwa njiani, akijaribu kuwahi. Safari hii alikuja mapema sana, miezi miwili kabla. Mama Rebeka alituambia habari zake pale pale getini, Alhamisi asubuhi, tulipofika na mfuko wetu wa spana. "Huyo akirudishwa, najua atakachozaa na mahali atakapozalia," alisema. "Nitafutieni maji yangu yanakwenda wapi. Mnazo siku sita, na moja ni Jumapili."

Balthazari alifikiri vizuri, hata leo nasema alifikiri vizuri. Bomba liliingia getini, likapita chini ya ardhi katikati ya bustani, likatokea kwenye mguu wa mnara. Kama linavuja chini ya ardhi, tangi halijai, na ndiyo maana halifiki Alhamisi. Basi tupime maji getini, halafu tupime kwenye mguu wa mnara, usawa mmoja, debe moja. Tofauti itatuambia.

"Wewe kaa getini," alisema. "Mimi mnarani."

Tukafungua kiungo cha getini. Nikakinga debe, nikasali kwa utulivu kama nilivyolelewa, nikikunja vidole. Maji yalikuwa dhaifu, yanatoka membamba. Debe lilijaa kwenye Baba Yetu ya kumi na mbili. Tukafunga kiungo, Balthazari akafungua cha mnarani, akakinga debe lilelile, akasali. Nilimsikia toka getini. Likajaa.

"Ngapi wewe?" akapaza sauti.

"Kumi na mbili!"

Akatazama tena vidole vyake. "Mimi kumi na tano!"

Tukatazamana kuvuka bustani. Debe moja, maji yaleyale, lakini kwake yamechukua muda mrefu zaidi kujaa. Hata mtoto angeelewa. Sehemu moja katika tano inapotea njiani, chini ya miguu yetu. Balthazari akapiga ardhi kwa kisigino. "Tumekupata," akaiambia.

Juu ya bomba lile ilikuwepo bustani ya Mama Rebeka: mistari minne ya kabichi, zimeanza kufunga vichwa, zinang'aa. Balthazari alipomweleza, mama aliziangalia kwa muda.

"Chimbeni," alisema. "Kabichi nitapanda tena."

Tulichimba Alhamisi mchana, Ijumaa yote, na Jumamosi hadi saa nane. Udongo wa Iringa wakati wa kiangazi ni mwekundu na mgumu, jembe linalia. Wanawake kwenye benchi walitutazama kama watu wanaotazama ngoma. Nilimsikia mmoja akisema jambo kwa Kihehe na wote wakacheka wakishika matumbo. Nikamuuliza Balthazari amesema nini.

"Amesema mtu wa ndizi anachimba kama anatafuta fuko."

Tulilifunua bomba lote, toka geti hadi mnara. Lilikuwa zima. Udongo uliolizunguka ulikuwa mkavu kama unga. Nilipitisha kiganja chini yake mahali pote, hatua kwa hatua, na kiganja kilitoka na vumbi. Balthazari alikaa kwenye ukingo wa mtaro, miguu ndani. Kabichi zililala pembeni, majani yamelegea. Mama Rebeka alitoka, akatazama mtaro mkavu, akarudi ndani. Afadhali angetutukana.

Jumapili hatufanyi kazi. Nilikwenda ibadani kwetu, na moyo wangu ulikuwa mtaroni. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba sielewi. Baada ya ibada Balthazari, aliyetoka misa kwao, akanikuta njiani na kunivuta kwake kula. Mkewe alikuwa amechinja kuku kwa ajili ya mgeni, kuku mmoja kwa watu wanane. Tukanawa.

"Kwa heshima ya mgeni," Balthazari akasema, "leo tusali ile tunayoijua wote. Padri asisikie."

Tukafumba macho, tukaanza Baba Yetu pamoja. Tulikwenda vizuri mpaka mwishoni. Kisha nikasikia "Amina" ya nyumba nzima, nikasikia benchi linalia, nikasikia vyombo. Mimi nilikuwa bado nasali, kwa sababu sisi tulifundishwa kumalizia na kile kipande cha ufalme na nguvu na utukufu, na kwetu Rungwe hatukikimbii, tunakipa nafasi yake. Nilipofumbua macho, paja la kuku lililokuwa upande wangu halikuwepo. Lilikuwa mkononi mwa Balthazari, njiani kwenda kinywani.

"Bado unasali?" akaniuliza.

"Sikuwa nimemaliza."

"Umeongeza nini?"

"Sijaongeza kitu. Ndiyo sala yenyewe."

"Hapana, bwana. Sala imekwisha pale kwenye maovu."

"Kwenu."

Paja likasimama hewani. Nakumbuka mchuzi ulimtiririkia mpaka kwenye kiwiko. Akaliweka chini polepole. Kisha akaanza Baba Yetu ya kwake peke yake, kwa sauti, huku anakunja vidole, na mimi nikaelewa, nikaanza ya kwangu. Watoto wakaacha kula wakatutazama watu wazima wawili wanaoshindana kusali juu ya kuku. Yeye alipomaliza ya tano, mimi nilikuwa namaliza ya nne.

Fanya hesabu mwenyewe. Zangu kumi na mbili ni zake kumi na tano. Maji yaliyoingia getini yote yalifika mnarani, hata tone halikupotea. Tulikuwa tumechimba bustani ya mkunga kwa sababu ya tofauti ya madhehebu.

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote tulicheka mpaka kuku akapoa. Lakini nikiwa bado nacheka nikamkumbuka Anjelina kwenye benchi, na kicheko kikanikauka. Zilibaki siku tatu, na bado hatukujua maji yanakwenda wapi.

Hapo nataka kusimama niwaambie jambo. Mkipima wawili, kipimo kiwe kimoja. Leo mna saa kwenye simu, lakini bado nawaona, mmoja anaanza kuhesabu koki ikifunguliwa, mwingine maji yakigusa debe. Na la pili: pandeni mkaangalie. Alhamisi ile ngazi ilikuwepo, tangi lilikuwepo, na hakuna kati yetu aliyepanda kuona kama linajaa au halijai. Hesabu ilikuwa imeshasema, na sisi tuliiamini kuliko macho.

Jumatatu maji yalifunguliwa. Saa sita mchana nilipanda: tangi limejaa hadi ukingoni. Balthazari akaniambia nichore mstari wa chaki ndani, usawa wa maji. Mama Rebeka akakaa mlangoni mwa jikoni kama askari, na mtu asichote hata kikombe bila yeye kuona. Saa kumi nikapanda tena. Maji yalikuwa yameshuka vidole vinne chini ya chaki, na kilichochotwa hakikufika hata debe moja.

Kwa hiyo yalitoka ndani ya nyumba. Tukakagua koki ya jikoni, kavu. Ya chumba cha kuzalishia, kavu. Ya kufulia, kavu.

"Na chooni?" Balthazari akauliza.

"Kile hakitumiki," Mama Rebeka alijibu. "Hawa wanakiogopa. Wanasema ukivuta mnyororo kinanguruma kama kitu kilicho hai. Wote wanakwenda shimo la nyuma. Mimi mwenyewe nimeufunga mlango ule."

Anjelina, kwenye benchi, akasema jambo kwa Kihehe, taratibu, bila kuinua macho. Mama Rebeka akageuka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema hakitumiki, lakini hakinyamazi."

Kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta ule. Balthazari alichuchumaa mbele ya benchi ili wawe usawa mmoja, akamuuliza kwa lugha yao, na baadaye alinieleza neno kwa neno.

"Tangu lini kinasema?"

"Tangu nije."

"Mbona hukutuambia, dada?"

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnachimba."

Tukafungua mlango. Ukiangalia bakuli la choo hukuona kitu, maji yametulia. Nilipoweka fimbo yangu kwenye bomba nikasikia mnong'ono mwembamba, kama mtu anayesali kwa siri. Balthazari akaomba kipande cha buluu ya kufulia, akapanda, akakitumbukiza ndani ya tangi dogo la juu. Tukangoja. Hatukugusa mnyororo. Wanawake walijikusanya mlangoni, Anjelina mbele yao, na baada ya muda uzi wa rangi ya buluu ukaanza kushuka ukutani mwa bakuli, kisha maji yote ya chini yakawa rangi ya mbingu.

"Yesu wangu," Mama Rebeka akasema. "Miezi yote hii kinakunywa."

Buluu ile, vijana, mpaka leo ni dawa. Kama huna, weka juisi ya rangi kali. Weka juu, usivute, ngoja. Chini pakibadilika rangi, umempata mwizi. Koki inayodondosha inajishtaki yenyewe, mtu ataisikia na kukasirika. Choo kinaiba kwa adabu.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo hata inaudhi. Boya la shaba, lile linaloelea na kufunga maji tangi dogo likijaa, lilikuwa na tundu la kupita ncha ya sindano. Lilikuwa limejaa maji na kuzama, kwa hiyo koki yake haikujifunga kamwe. Sasa waliojenga walikuwa na akili, waliweka bombaumbuzi, kijibomba kinachotokea nje ya ukuta ili maji yakizidi yamwagike hadharani na mwenye nyumba aone. Nilizunguka nje kukitafuta. Nyigu walikuwa wamekiziba kwa udongo, wamejenga chumba kizuri ndani, na maji yakakosa njia ya nje, yakashuka chooni kimyakimya.

Tulilipasha boya kwenye jiko la mkaa la Mama Rebeka mpaka likatema maji yote, tukaziba tundu kwa lehemu. Washa ya koki yake ilikuwa imeliwa, na ngozi yetu ilikwisha. Balthazari akavua kiatu chake cha Jumapili, alichokivaa Jumatatu kwa sababu kile cha kazi kilikuwa kimefukiwa kwenye udongo wa mtaro, akakata ulimi wa kiatu, akatengeneza washa. "Kiatu hiki hakina haja ya kusema," alisema. Nyigu nikawatoa kwa waya, nikawaomba radhi.

Jumanne asubuhi nilipanda. Chaki mpya niliyochora jioni, na maji, vilikuwa vimegusana. Nilibaki juu ya ngazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikimshukuru Mungu.

Jumatano saa kumi Bwana Afya aliegemeza baiskeli yake ukutani. Wanawake saba walikuwa kwenye benchi, na vifurushi vyao vilikuwa vimefungwa miguuni, kwa sababu Mama Rebeka hakutaka kuwadanganya. Bwana Afya akaingia jikoni, akafungua koki hadi mwisho. Maji yakatoka kwa nguvu, yakampiga kwenye kifua cha shati. Akacheka, akatoa daftari, akaanza kuandika, polepole, kwa mwandiko mzuri, koki ikiwa wazi na maji yanakwenda. Mama Rebeka alivumilia mistari miwili. Kisha akanyoosha mkono mbele yake.

"Umeyaona, Bwana Afya. Sasa tuyatunze."

Akaifunga kwa vidole viwili.

Nilidhani kazi yetu imekwisha. Mama Rebeka alidhani vingine. Bwana Afya alipoondoka alituletea majembe mawili na kututazama tu. Basi tulifukia mtaro kwa siku ambazo mkandarasi alitupa ruhusa, na wiki iliyofuata, Jumatano, tulikuwa tumepiga magoti tunapanda miche ya kabichi, mistari minne, yeye akipita kutusahihisha. Alitufundisha kuchimba kijifereji kutoka mahali pa kufulia hadi kwenye miche, ili maji ya kusuuzia yafanye kazi mara ya pili. Kwangu hapa Soweto, Mbeya, ninacho kijifereji cha namna ile hadi leo, na nimewachimbia majirani wengi.

Saa nne asubuhi aliacha kutusahihisha. Aliitwa ndani. Benchi lilikuwa na wanawake sita.

Tuliendelea kupanda. Balthazari alisali kwa Kihehe chinichini, na mimi kwa Kinyakyusa, na hakuna aliyekunja kidole. Katikati ya mchana Mama Rebeka alitokeza kichwa dirishani, kilemba kimelegea. "Fundi! Debe mbili!" Nilikwenda kwenye koki. Ilikuwa siku ile ya Jumatano, ile ambayo kwa miezi mingi koki ile ilikohoa na kukauka. Nikafungua. Yakaja, manene, baridi, yakajaza debe la kwanza na la pili, na nilipofunga yalikuwa bado yanataka kuja.

Tulimsikia mtoto kabla hatujaambiwa. Alikuwa na sauti ya kukasirika, ya mtu mwenye afya. Wale sita wakapiga vigelegele. Balthazari akavua kofia na kukaa chini kwenye matuta, juu ya mche.

Baadaye mwanamke mmoja alinipa beseni mlangoni, maji ya vuguvugu yenye povu, yale aliyoogeshewa mtoto wa Anjelina. Macho yangu yalikuwa na machozi, sikuona vizuri ninakokwenda. Nikatembea nalo mpaka nyuma ya nyumba, nikaliinua niyamwage.

"We fundi!" Sauti ya Mama Rebeka ikatoka dirishani. "Unamwaga wapi? Peleka kwenye kabichi!"